Ulinganisho: paneli za wati 550, za wati 580 au mtumba wa wati 250 kwa paa dogo la Kariobangi? Au nisubiri hizi za asilimia 34?

CherehaniKariobangi

Habari zenu wana jukwaa. Naomba mnisaidie kabla sijatoa pesa, maana nikikosea hapa sina pa kutoa nyingine.

Nina karakana ya kushona sare za shule huku Kariobangi Kusini, Nairobi, chumba cha juu kabisa kwenye ploti. Cherehani tatu za mota ya sevo, ovaloki moja, pasi ya mvuke, taa na redio. Tuko watu wanne. Stima ikipotea tunakaa tukiangaliana, na mteja wa Januari hana subira: mtoto anafungua Jumatatu, sare inatakiwa Jumamosi. Nimesoma mita kila jioni kwa wiki 2, na siku ya kazi nyingi natumia kama uniti 8.

Mwenye ploti amenikubalia bati lililo juu ya chumba changu. Nimelipima mwenyewe kwa futi ya kushonea, ile ya sentimita 150, nikitia alama ya chaki kila inapoishia. Urefu mita 4.8, upana mita 4.0. Zaidi ya hapo kuna matangi ya maji na kamba za nguo za wapangaji.

Nimezunguka Luthuli na River Road nikarudi na bei hizi:

Paneli mpya ya PERC (aina ya silikoni iliyozoeleka), wati 550, Sh 12,000. Muuzaji anasema zitaingia sita.
Paneli mpya ya TOPCon (aina ya silikoni mpya zaidi), wati 580, kioo mbele na nyuma, Sh 13,500.
Mtumba kutoka Ulaya, wati 250, Sh 4,500.

Kinachonichanganya ni habari za simu. Kila wiki naona rekodi mpya, asilimia 33, asilimia 34, na hizi nilizoonyeshwa dukani zimeandikwa asilimia 21 na 22. Kijana wangu wa kidato cha tatu ananiambia nisubiri kwa sababu nikinunua leo nitakuwa nimenunua kitu cha zamani. Nami nina kidonda: miaka mitatu iliyopita nilinunua paneli iliyoandikwa wati 300 kwa pesa za chama, na hata saa saba mchana jua likiwa utosini haijawahi kunipa zaidi ya wati 130. Sitaki kurudia.

NasubiriKwanza

Mimi namuunga mkono kijana. Hii teknolojia inakimbia. Nilitaka kununua mwaka juzi, nikangoja, na sasa bei imeshuka na wati zimeongezeka kwa paneli ileile. Asilimia 34 ikifika sokoni, hizi za 22 zitakuwa kama simu za kubonyeza. Ana paa dogo, na mwenye paa dogo ndiye anayehitaji asilimia kubwa. Asubiri.

FundiPaa_Donholm

Dada Cherehani, umefanya jambo la maana sana kupima mwenyewe. Wengi huja hapa na "paa ni la kutosha" tu.

Lakini aliyekuambia zitaingia sita hajapanda juu. Paneli ya wati 550 na ya wati 580 zina kimo kimoja, mita 2.278 kwa 1.134. Ukipanga mbili kwa urefu na tatu kwa upana, ndiyo, kwenye karatasi zinaingia sita. Ila zinaacha sentimita 11 tu kila ncha ya urefu, na hapo ndipo upepo hushika. Upepo ukiingia chini ya paneli iliyo ukingoni unainua paneli, reli na bati lenyewe. Niliwahi kuitwa mtaa wa Pipeline asubuhi nikakuta bati liko barabarani na paneli mbili bado zimefungwa juu yake vizuri kabisa. Mimi huacha sentimita 30 kila ncha ya urefu na 25 kila upande mwingine, na sipunguzi hata mteja akinuna.

Kwa hiyo nafasi yako ya kweli ni mita 4.2 kwa 3.5. Hapo hizi kubwa zinaingia nne, tena kwa kupanga tatu upande mmoja na ya nne kuigeuza. Nne za 550 ni wati 2,200. Nne za 580 ni wati 2,320. Za mtumba ni mita 1.65 kwa 0.99, zinaingia nane, yaani wati 2,000 za kibandiko kabla hujatoa za uzee.

Nipe hadi jioni nichore kwenye karatasi, kuna saizi nyingine hukuulizia.

Halafu hiyo ya "wati 300" bado unayo? Kama unayo, ipime urefu na upana kwa hiyo futi yako, utuandikie hapa.

Mwalimu_wa_Nuru

Nafundisha fizikia sekondari, naomba niseme kuhusu hizi asilimia kwa sababu naona zinatisha watu bure.

Asilimia ya ufanisi inapima nafasi. Jua likipiga sawasawa, mita moja ya mraba hupokea kama wati 1,000. Hicho ndicho kiwango wanachotumia viwandani kupimia paneli zote, seli zikiwa nyuzi 25. Paneli ya asilimia 22.5 inakupa wati 225 kwa kila mita hiyo. Ya asilimia 15 inakupa 150. Wati ya paneli ya asilimia 15 na wati ya paneli ya asilimia 22 zinaendesha cherehani ileile kwa mwendo uleule. Tofauti ni ukubwa wa bati ulilotumia kuipata.

Sasa hizo rekodi. Ni za kweli, na mimi hufurahi kila zikitoka. Seli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kazi ilitoka maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1954, na ilikuwa na asilimia 6 hivi. Mwaka 1961 wanafizikia Shockley na Queisser walikokotoa kwamba seli ya tabaka moja haiwezi kupita kama theluthi moja ya nguvu ya jua, na kwa silikoni mpaka huo uko karibu asilimia 29. Sababu ni kwamba mwanga una rangi nyingi. Silikoni hukamata nyekundu vizuri, lakini mwanga wa buluu una nguvu kuliko inayohitaji, na ile ziada yote inageuka joto. Ndiyo maana paneli huwa moto.

Ujanja mpya ni kuweka tabaka la pili juu, la kemikali zinazoitwa perovskaiti. La juu linakula buluu, la chini linakula nyekundu. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walipata asilimia 3.8 tu kwa perovskaiti. Aprili 2025 kampuni ya LONGi ya China ikatangaza 34.85 kwa seli ya matabaka mawili. Huo ni mwendo wa kushangaza kabisa.

Lakini hiyo ni seli ya maabara. Paneli ni kitu kingine. Ina nafasi kati ya seli, ina waya, ina kioo, na lazima ivumilie mvua ya Aprili na jua la Februari kwa miaka 25. Perovskaiti inaogopa unyevu na joto, na hapo ndipo kazi yote iko sasa. Oxford PV ya Uingereza walipopeleka Marekani shehena yao ya kwanza ya kibiashara Septemba 2024, paneli zenyewe zilikuwa na asilimia 24.5.

Basi tupige hesabu ya kusubiri. Chukua paneli ya mita za mraba 1.95. Kwa asilimia 22.5 ni wati 440 hivi. Kwa 24.5 ni wati 478. Ungekuwa umesubiri wati 38. Balbu nne za LED.

NasubiriKwanza

Mwalimu, hesabu yako nimeielewa, lakini hukujibu suala la bei. Kusubiri kumenisaidia.

Mwalimu_wa_Nuru

Kumekusaidia kwa bei ya paneli, nakubali, na ni kweli zimeshuka sana. Lakini jumlisha pia siku ulizokaa bila. Chuo Kikuu cha Strathmore waliweka kilowati 600 juu ya mapaa yao mwaka 2014, enzi paneli ya kawaida ilikuwa wati 250. Wangesema wanasubiri za wati 580 wangenunua stima yote ya miaka kumi. Na nchi nzima ilipozimika usiku wa Agosti 25, 2023, aliyekuwa na paneli za asilimia 15 na betri alikuwa na mwanga, na aliyekuwa akisubiri alikuwa na mshumaa.

Dada hapa ana wafanyakazi watatu. Siku moja ya stima kupotea Januari inamla zaidi ya tofauti ya paneli mbili.

Kuku_Ruai

Nitasema neno kwa upande wa mtumba kwa sababu naona unaonewa.

Mimi niko Ruai, nusu ekari, kuku na mashine ya kutotolesha vifaranga. Nina paneli 14 za mtumba za wati 250, mwaka wa nne huu. Nimezisimamisha chini kwenye vyuma, nyasi zinakua chini yake na kuku wanapumzika kwenye kivuli. Nilipiga hesabu ya shilingi kwa wati peke yake. Kwa bei alizoleta dada: mtumba Sh 18 kwa wati, PERC kama Sh 22, TOPCon kama Sh 23. Kwangu asilimia haina maana yoyote, nafasi ninayo tele. Paneli ya asilimia 15 kwa nusu ekari ni sawa na ya asilimia 30.

Lakini mtumba hununui kwa macho tu. Mimi nilikwenda na fundi na mita yake, tukatoa kila paneli nje ya stoo juani, moja baada ya nyingine. Ya wati 250 isipounganishwa na kitu inatakiwa kusoma volti 37 hivi, na ukifunga mzunguko ampea 8 na ushee jua likiwa kali. Tulikataa sita kati ya ishirini. Tazama nyuma: plastiki nyeupe ikiwa imegeuka manjano au inapasuka ukiikuna na kucha, iache. Tazama mbele: michirizi kama konokono amepita, ni seli zilizopasuka. Fungua kile kisanduku cha nyuma, kama kuna alama ya kuungua, hiyo usiichukue hata ya bure.

Kwa paa la dada, hapana. Namwambia mapema kabisa. Atabeba paneli nane apate wati chache kuliko wengine wote, na paa lenyewe limeisha.

BintiMvita

Mimi ni wa Mombasa ila naishi South B, na hili la joto naona limetajwa haraka.

Zile wati za kibandiko ni za seli yenye nyuzi 25. Juu ya bati mchana, hata hapa Nairobi kwenye ubaridi wetu, seli inafika nyuzi 55. PERC hupoteza kama asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi 25, TOPCon kama 0.29. Fanyeni hesabu: ya wati 550 inabaki kama 492, ya wati 580 inabaki kama 530. Kwa hiyo tofauti ya wati 30 dukani inakuwa 38 juu ya paa. Nyumbani Mombasa pengo ni kubwa zaidi, na kaka yangu Kisauni hataki tena kusikia PERC.

Na acheni nafasi chini ya paneli, hewa ipite. Kiganja cha mkono kiingie. Paneli iliyolala juu ya bati moja kwa moja inajipika yenyewe.

CherehaniKariobangi

Asanteni sana, nasoma kila neno na kijana wangu yuko hapa pembeni na kikokotoo.

Fundi, nimeishusha ile ya "wati 300". Nimeipima mara mbili. Urefu sentimita 148, upana sentimita 67.

Mwalimu_wa_Nuru

Mwambie kijana azidishe 1.48 kwa 0.67. Atapata 0.99, karibu mita moja ya mraba kamili. Ili mita moja ya mraba itoe wati 300 inahitaji ufanisi wa asilimia 30. Hakuna paneli ya dukani ya asilimia 30 mwaka huu, sembuse miaka mitatu iliyopita. Silikoni peke yake haiwezi kufika hapo hata kwa kanuni za fizikia.

FundiPaa_Donholm

Nilijua. Hicho ni kimo cha paneli ya wati 150 ya miaka ile. Seli 36. Zihesabu, nne kwa tisa. Mtu alibandua kibandiko akaweka chake. Pole sana dada, wewe hukukosea kitu, uliibiwa. Na hizo wati 130 zako za saa saba ndizo paneli ya wati 150 inatakiwa kutoa. Yenyewe ni nzima kabisa, ilidanganyiwa jina tu.

CherehaniKariobangi

Nimenyamaza kidogo. Pesa zile zilikuwa zamu yangu ya chama na niliwaambia wenzangu nimenunua wati 300. Nilidhani ni wingu, nilidhani ni waya, nilimlaumu hata fundi wa kwanza aliyeifunga. Miaka mitatu nilikuwa na futi shingoni kila siku na sikujua kwamba ndiyo ingeniambia.

Kuku_Ruai

Dada, hiyo futi sasa beba kila uendapo. Na wengine mnaosoma kimya kimya: kabla ya kutoa pesa, zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha gawanya wati za kibandiko kwa jibu hilo. Ukipata zaidi ya 240 kwa paneli ya kawaida ya Luthuli, uliza maswali. Ukipata 300, toka dukani.

Utawala_Juu

Swali la upande. Jua la Nairobi linatoka wapi kwa paneli? Naambiwa Ulaya zinaelekea kusini.

FundiPaa_Donholm

Sisi tuko karibu nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta. Jua linakuwa upande wa kaskazini katikati ya mwaka na upande wa kusini Desemba, na mchana liko karibu na utosi miezi yote. Kwa hiyo upande wowote unafaa. Mimi huzipa mwinamo wa nyuzi 10 au 15 ili mvua izioshe, basi. Cha kuogopa hapa Nairobi ni kivuli. Tangi la lita 1,000 likitia kivuli kwenye kona ya paneli saa kumi linakutoa wati nyingi kuliko tofauti ya PERC na TOPCon siku nzima.

Utawala_Juu

Hilo la kivuli niliseme kwa uchungu. Niliweka paneli nane mwaka 2022, zikafanya kazi vizuri sana. Mwaka uliofuata jirani wa mashariki akaanza msingi. Nikadhani ni nyumba ya chini. Sasa ni ghorofa ya tano na jua langu linaanza saa nne na nusu. Hakuna asilimia ya kurekebisha hilo. Dada, kabla hujafunga chochote, simama juu ya bati utazame ploti zilizo wazi pande za mashariki na magharibi, uulize ni za nani.

Pia, uniti zikibaki Jumapili, naweza kurudisha kwenye gridi nikalipwa?

FundiPaa_Donholm

Sheria ya Nishati ya 2019 iliruhusu, na kanuni zake zikatoka 2024. Hulipwi pesa. Unawekewa nusu uniti kwa kila uniti unayorudisha, na lazima uombe, uwekewe mita ya njia mbili. Kwa mtu wa uniti 8 kwa siku nisingeanzia hapo.

Sasa dada, karatasi yangu iko tayari, na nimefurahi na nilichokiona.

Kuna paneli ya TOPCon ya wati 440, mita 1.722 kwa 1.134. Ufanisi wake ni uleule wa ile ya 580, asilimia 22 na nusu. Lakini kwenye mita zako 4.2 kwa 3.5, tatu zinakaa kwa upana na mbili kwa urefu, barabara kabisa, na kwa upana zinabaki sentimita chache za vibanio. Sita. Wati 2,640. Za asilimia ileile, na umepata wati 320 zaidi ya zile kubwa nne, kwa sababu tu zinakaa vizuri kwenye bati lako. Wewe ni fundi wa nguo, unajua kitambaa kinavyopotea ukikata vibaya.

Mambo mengine matatu. Paneli ya 580 yenye vioo viwili ina uzito wa kilo 30 na zaidi. Hii ya 440 iko kwenye ishirini na kitu, na ngazi ya ploti yako naiona kwenye picha ni nyembamba. Pili, kila moja ina volti 39 hivi, sita zikiungwa moja baada ya nyingine kwenye mnyororo mmoja ni kama 234, inaingia ndani ya volti zinazokubaliwa na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia cherehani) nyingi za kilowati 3 hadi 5. Soma kwenye karatasi ya inveta kabla ya kununua. Tatu, ile ya wati 150 usiiunge kwenye mnyororo huo. Ya ampea chache itazivuta zote chini.

Na fundi atakayekufungia mwombe leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, ya daraja la T3 kwa mfumo wenye inveta na gridi. Mwenye nayo hakasiriki ukimuuliza.

BintiMvita

Hiyo ya kitambaa imenikaa moyoni.

Dada, kwa uniti: Nairobi tuhesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, Julai na Agosti zile siku za mawingu tuseme 4. Ukitoa upotevu wa joto, waya na inveta, wati 2,640 zinakupa kama uniti 10 siku njema na 8 hivi Julai. Inakutosha. Januari, ambao ndio msimu wako, ni jua tupu.

NasubiriKwanza

Nimekubali kwa upande wa dada. Mimi nina paa kubwa na stima yangu haipotei sana, ndiyo maana nimeweza kungoja. Hali zetu ni tofauti. Ila naomba kujua, pesa anayookoa aiweke wapi?

FundiPaa_Donholm

Kwenye betri. Swali zuri. Karakana inafanya kazi mchana, kwa hiyo haihitaji betri kubwa, ila inahitaji ya kushika pale wingu linapopita na pasi ikiwa imewaka. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 inabeba uniti 5 hivi. Afadhali mtu anunue PERC na betri nzuri kuliko paneli za asilimia kubwa na betri ya gari. Hilo nimeliona mara nyingi mno: paneli zinang'aa juu, chini betri imevimba.

CherehaniKariobangi

Wapendwa, nimerudi baada ya wiki 5. Samahani kwa ukimya.

Nilipata za wati 440 kwa Sh 10,500 kila moja. Nilizipima sita zote dukani, moja moja, kabla ya kulipa. Kijana wa duka alinitazama nikitoa futi kwenye mkoba, kisha akaenda kuniletea zilizo kwenye katoni ambalo halijafunguliwa. 172 kwa 113 na kidogo. Nilizidisha, nikagawanya, nikapata 225. Ndipo nikalipa.

Fundi mwenye leseni alizifunga kwa siku moja na nusu. Kabla ya kuanza alikanyaga mbao za paa moja moja akakuta mbili zimeoza karibu na mfereji wa maji. Tulizibadilisha kwanza. Mwenye ploti alilipa nusu.

Siku ya kwanza ya jua, saa sita na dakika arobaini, betri ikichaji, pasi ikiwa moto na cherehani zote tatu zikiwa kwenye kola, skrini ya inveta iliandika wati 2,270. Kijana wangu aliipiga picha. Juzi stima ilipotea saa tatu hadi saa nane na wasichana hawakujua mpaka jirani wa saluni alipokuja kuuliza kama anaweza kuchomeka mashine ya kunyolea.

Ile ya "wati 300" tumebandua kibandiko. Nimeandika 150 kwa kalamu ya kuwekea alama nguo. Inawasha taa za ngazi.

Swali moja limebaki. Saa kumi kasoro kivuli cha tangi kinaanza kugusa paneli ya kona, na wati zinashuka kwa zaidi ya zile za kona peke yake. Hiyo ni kawaida?

FundiPaa_Donholm

Hongera sana dada. Ndiyo, inatokea: kwenye mnyororo mmoja, paneli yenye kivuli inaweza kuzivuta na nyingine chini, ingawa kagua pia kama kuna kiungio kimelegea. Mwenye ploti anaweza kusogeza tangi?

CherehaniKariobangi

Amekubali lisogezwe mita moja na nusu, Jumamosi, likiwa tupu.

FundiPaa_Donholm

Sawa. Piga picha ya skrini saa kumi Ijumaa, na nyingine saa kumi Jumapili kama jua ni lilelile, uzilete hapa zote mbili.